Mchukuzi Asiyetaja Nauli

Yule bwana mwenye gari alikuwa hataji nauli. Ukimuuliza kiasi gani, anaweka mkono kifuani, anainamisha kichwa, anasema, "Ah, yakhe, sisi tutaelewana." Basi, imekwisha hapo. Na watu wazima wenye akili zao na vilemba vyao walikuwa wakimwona huyo ndiye muungwana, na mizigo yao wakimpa. Mimi nilimdharau tangu siku ya kwanza, na mpaka leo sijaacha.

Nilikuwa nimeachika. Mume alinipa talaka yangu kwa adabu zote, kama mtu anayerejesha sufuria ya jirani, nikarudi na sanduku langu katika nyumba ya marehemu baba, kichochoroni nyuma ya Darajani. Nyumba kaka yangu alikuwa keshaishika. Alikuwa karani, mtu wa tarbushi na mwavuli, na Mungu alimjaalia kipaji kimoja tu, kuonekana ana kazi. Chini alikaa yeye na mkewe, juu tulikaa mama na mimi. Kila asubuhi mkewe alipima unga kwa sauti kubwa, makusudi, ili unga ule unifike masikioni kabla haujanifika tumboni.

Hapo ndipo niliponuia kununua mashine. Mama yangu ni mtu wa Paje. Kule wanawake walikuwa wakitwanga mtama na uwele, kisha wakisaga kwa mawe mpaka mabega yanawauma usiku kucha, na anayetaka unga wa mashine sharti apeleke nafaka yake mjini. Fungu langu la urithi nikalitia lote katika mashine ya kusaga iliyokwisha tumika, kutoka Tanga. Ilikuwa na injini yake, mawe yake, na gurudumu la chuma tupu lililonifika kifuani. Ilishushwa bandarini, ikawekwa bohari. Ikifika Paje nzima, nitakuwa na chumba changu na mlango wangu, na mama nitakaa naye. Isipofika, nitabaki juu ya ngazi za kaka yangu mpaka apate mtu wa kuniozesha. Na alikuwa keshaanza kutafuta. "Mwanamke asiye na mume," alinambia, "ni duka lisilo mwenyewe." Huyo ndiye kaka yangu. Hata methali alikuwa anatunga mwenyewe, na mbaya.

Basi, nani aichukue? Kwa bahari alikuja nahodha mmoja wa Tumbatu, aliyekuwa akifikisha mchele wa watu kusini. Aliliangalia lile gurudumu mara moja, akasema, "Mie mchele nnachukua. Hili dude likihama chomboni, nnakwenda nalo chini. Sitaki." Akaondoka, hata maji hakunywa. Nilimpenda kwa hilo. Kule kwetu mjini neno hapana lilikuwa halijafika bado.

Wakabaki wawili wenye magari.

Wa kwanza alikuwa mtu wa Ng'ambo, asili yake bara, Mkristo, mwenye lori la kubebea mawe na chokaa. Mchafu huyo, usiseme! Chokaa mpaka kwenye kope. Aliitwa nyumbani, hakukaa, kahawa hakuitaka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la ukumbi, namsikia. Gurudumu linafunguka? Kule wapo watu wa kushusha, au nichukue wangu? Njia ya kuingia Paje imetengenezwa, au bado mawe matupu? Kaka yangu alikuwa anakohoa tu. Yule mtu akataja nauli yake papo hapo, akataka nusu mkononi, akasema gurudumu litasafiri mbali na mashine, limelazwa juu ya mchanga, na siku hiyo gari lake halichukui kitu kingine wala mtu mwingine.

"Hutaki, bwana, tafuta mwengine," akasema, akatoka. Mlangoni kwetu akatema mate. Alikuwa na kiburi, sikatai, na angenikasirisha mchana kutwa kama ningekuwa naye. Lakini mimi nilikuwa sitafuti mume, nilikuwa natafuta gari.

"Umemwona?" kaka yangu akanambia alipokuja juu. "Adabu hana. Kataja pesa hata hajauliza hali ya wazee. Mtu kama yule unampa mali yako?"

"Kwani mali yangu anakwenda kuiamkia, au anakwenda kuichukua?"

"Wewe una ulimi."

"Na wewe huna masikio."

Mama akaguna kule kitandani, maana mama alikuwa hapendi kelele. Na hapa lazima niseme habari ya muhali, kwa kuwa bila ya muhali kisa hiki kisingetokea popote duniani isipokuwa kwetu. Muhali ni kule kushindwa kumkatalia mtu kwa sababu amekuja na uso mzuri. Utakula usichokitaka, utaazima usichonacho, utatoa ulichokiweka, ili mradi yule aliyekaa mbele yako asiondoke na uso uliokunjamana. Mama yangu alikuwa bingwa. Nimemwona kwa macho yangu anakula mchuzi wa jirani uliochacha, anausifu, anaongezwa. Hata baba alimuoa kwa muhali. "Walikuja wazee wa watu, mwanangu," alikuwa akinambia, "ningewarudishaje?" Na miaka yote waliyokaa pamoja, sikumbuki nimemsikia akicheka baba alipokuwa chumbani.

Wa pili ndiye huyo mwenye gari asiyetaja nauli. Lori lake alilipaka kijani na manjano, akalichora maua ubavuni, akalitia pazia za kitambaa na chupa ya marashi mbele ya dereva. Siku za kawaida lilichukua watu wa shamba na vikapu vyao, siku za harusi lilichukua maharusi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na lile likitembezwa mji mzima kila Ijumaa baada ya sala, na honi juu. Mwenyewe alivaa kanzu ya melimeli, koti, na kofia ya viua, akinukia udi tangu mwanzo wa kichochoro. Mikono yake ilikuwa laini kuliko yangu. Sidhani kama mikono ile iliwahi kuinua kitu kizito kuliko kikombe cha kahawa.

Alikaa barazani na kaka yangu tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Walikunywa kahawa, wakala halwa, wakaulizana habari za wazee wote, walio hai na waliokufa. Habari ya mashine hakuuliza. Uzito wake hakuuliza. Bohari kwenda kuiona hakwenda, na kaka yangu hakumwambia aende, kwa sababu kumuuliza muungwana kama gari lake litaweza ni kumvunjia heshima. Hivyo ndivyo watu hawa walivyokuwa wakifanya kazi. Mzigo unakabidhiwa kwa kahawa, na atakayeuliza kamba iko wapi ndiye asiye na malezi.

Mwisho nikamsikia kaka, kwa sauti ya aibu kama anayeomba maji ya kunywa, "Na nauli, yakhe?"

"Ah! Tutaelewana. Mimi nitachukuaje pesa ya dada yetu?"

Dada yetu! Nilimtuma mkewe amwite kaka ndani. "Mwambie ataje," nikamwambia.

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Una donda mdomoni?"

"N'na muhali naye."

"Basi mpe yule wa chokaa."

"Huyu keshakunywa kahawa yangu, keshakubali. Nitamwambia nini mimi?"

Lahaula! Mtu ana muhali na rafiki yake wa barazani, na dada yake wa tumbo moja hana muhali naye. Nilivaa buibui niende Ng'ambo mwenyewe, lakini ruhusa ya kutoa mzigo bohari alikuwa nayo yeye, na mama alinishika mkono. "Usimwaibishe kaka yako, mwanangu," akasema. Nikavua buibui, nikalitupa kitandani, nikalia kwa hasira.

Siku ya safari mashine ilipandishwa asubuhi kwa wachukuzi wa bandarini. Mama na mimi tulikwenda na gari, tukakaa nyuma kwenye ubao. Nilimwambia dereva afungue gurudumu alilaze. Dereva akamtazama bwana wake, bwana wake akacheka kwa upole ule unaotia kichefuchefu.

"Bibi asiwe na wasiwasi," akasema. "Gari hili limechukua maharusi wangapi!"

Kana kwamba bibi harusi ana gurudumu la chuma. Wakaifunga mashine na gurudumu lake kwa kamba ya usumba wa nazi, mpya, nzuri, kwa fundo ambalo ningeona haya kumfungia mbuzi. Nikajifariji kwamba gari likienda taratibu tutafika.

Hatujatoka mjini, gari likasimama. Wakapanda watu na vikapu vyao. Likasimama tena, yakapandishwa magunia ya mchele. Likasimama mara nyengine mbele ya duka la seremala, kikatolewa kitanda cha samadari, kipya, kinang'aa vanishi, kimefungwa mikeka kisije kikachubuka. Nafasi haikuwepo. Basi wakailegeza kamba ya mashine, wakaisukuma mashine nyuma kabisa, ikakaa upande, na kitanda kikawekwa katikati mahali pake, juu ya magodoro.

"Nyie!" nikapiga kelele. "Mnafanya nini? Ifungeni hiyo!"

"Usijali, dada," yule bwana akajibu kutoka mbele, hata hakugeuza shingo.

Ifungwe wapi! Tukasimama Tunguu, bwana akanywa kahawa. Tukasimama Kitogani, kwa kuwa kulikuwa na matanga na kupita bila ya kuingia ni muhali, tukashuka gari zima, tukatoa pesa ya ubani kwa maiti tusiyemjua. Mimi nilikuwa nashuka na kupanda, naitazama ile kamba. Kila tukisimama inazidi kulala. Nikiinyooshea kidole wananiambia nisijali. Nisipojali mimi nani atajali? Wote mle ndani, pamoja na bwana wao, walikuwa wanakwenda matembezini, na mimi nilikuwa nimepakia maisha yangu.

Karibu na kuingia Paje udongo unakwisha, njia inakuwa mawe ya pwani yenye meno, na pana mteremko. Dereva akaomba watu washuke. Tukashuka. Gari likaingia kwenye mawe, tairi likaruka, na kamba ikaachia. Mashine iliteleza pole pole kwanza, ikaupiga ubao wa nyuma, ubao ukafunguka, ikaja chini. Nilisikia chuma kinapasuka. Gurudumu lilifanya ufa tangu ukingoni mpaka katikati, na kipande kizima kikaruka kwenye magugu.

Hakuna aliyeumia, na kwa hilo namshukuru Mungu. Yule bwana alishuka mbele, akakunja kanzu yake kiunoni, akaja mbio. Kwa mara ya kwanza nilimwona anakimbia, nikasema moyoni, kumbe ana utu kidogo. Akaipita mashine. Akapanda nyuma ya gari, akaanza kukipapasa kile kitanda, mguu mmoja mmoja, kisha kichwani kwake penye nakshi.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kizima."

Nilimgeukia dereva. "Kitanda cha nani hicho?"

Dereva akanitazama kama mtu anayeulizwa jina la mama yake. "Ebo! Chenu hicho, bibi. Cha harusi, kinakwenda nyumba ya bwana huku Paje."

"Harusi ya nani?"

"Si yako na bwana? Kaka yako si keshakubali?"

Nikamtazama yule bwana juu ya gari. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akatabasamu! Mashine yangu iko chini vipande viwili, na yeye ananitabasamia. "Tulitaka iwe siri," akasema, "mpaka washenga wafike." Ndipo nilipojua kwa nini nauli haikutajwa. Nauli ilikuwa mimi. Mama alikuwa amesimama kando ya njia, kanga kichwani, amesikia kila neno.

Watu wa Paje waliiburura mashine mpaka bandani kwa mjomba, wakaifunika makuti. Fundi wa chuma alikuja akasema gurudumu lile halishikiki tena kwa moto, litafutwe jengine Tanga, na kupatikana ni bahati. Lilipatikana, nisikuacheni na dukuduku, na mashine ile ilisaga unga wa Paje miaka mingi. Safari ya kulichukua gurudumu jipya mchukuzi nilimchagua mwenyewe, yule wa chokaa kwenye kope, na nauli alinitajia hata shikamoo hajanipa. Lakini hayo yalikuja baadaye. Wakati ule nilikuwa na chuma kilichopasuka huko Paje, na mjini nilikuwa na kaka.

"Ajali ni kudra," kaka yangu akasema tuliporudi.

"Kudra! Kamba kaifungua Mungu?"

"Mtu kakuchukulia mzigo bure, limetokea la kutokea. Huwezi kumlaumu mtu aliyekufanyia hisani. Na sasa anakuja kukuposa. Tutamkataa kwa uso gani?"

Hebu sikilizeni akili hiyo. Mtu akuvunjie chako bure, kisha umlipe kwa kuwa amekivunja bure! Na si kaka yangu peke yake. Mkewe alisema vivyo hivyo, majirani walisema vivyo hivyo, wakaniona mimi ndiye mwenye roho mbaya. Kwa sheria nilikuwa na haki ya kukataa mwenyewe, hilo nilikuwa nalijua. Lakini nikikataa peke yangu, mama yupo upande wa kaka, kaka atanitoa nyumbani, na mashine ya kunishika mkono sina. Nilikuwa naogopa. Silali.

Washenga wakaja siku ya tatu, alasiri, wazee wawili wa kanzu nyeupe na sahani ya halwa iliyofunikwa kitambaa. Kaka akawakaribisha ukumbini. Mama na mimi tulikuwa nyuma ya pazia, mkekani. Wakaanza maneno yao matamu. Bwana ana huzuni kubwa kwa yaliyotokea. Bwana anasema mashine ile bibi aisahau, mke wake hatahitaji kusagia watu unga. Bwana ni muungwana, bwana hana neno, na kitanda keshakifikisha nyumbani kwake Paje.

"Sisi hatuna neno," kaka yangu akasema. "Amebaki mama tu." Akapaza sauti kuelekea kwenye pazia. "Mama! Wazee wanakusubiri."

Nilijua kitakachofuata, kwa sababu mambo ya namna hii mama aliyajibu kwa sentensi moja tu maisha yake yote, kwamba yeye ameridhika na alilosema mwanawe. Nikafungua mdomo niseme mimi kabla yake, liwalo na liwe. Mama akanishika mkono, akaubana. Nikadhani ananinyamazisha.

Akainuka. Alikuwa na magoti mabovu, akaniegemea begani. Pazia hakulisogeza kidogo kama wanavyofanya wanawake wa heshima zao, alilifungua lote, akasimama mbele ya wanaume wale na kanga zake za jikoni. Kaka yangu akasimama wima.

"Wazee wangu," mama akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo ile ile ya siku zote, "mmekuja na nyuso nzuri, na mimi sijapata kumrudisha mtu aliyekuja na uso mzuri. Nimekuwa hivyo tangu usichana wangu. Mnanijua."

"Tunakujua, Bi mkubwa," wakaitikia, na kaka akaanza kutabasamu.

"Huyu simpi."

"Mama!" kaka yangu akaruka. "Muhali, mama! Watu hawa nitawatazama vipi?"

"Kama unaona muhali," mama akamwambia, "kaolewe wewe."

Akainama, magoti yakimuuma, akaiokota sahani ya halwa, akamtia mzee mkononi.

"Mwambieni bwana, ile ilikuwa chuma, na siku moja tu mikononi mwake imepasuka. Huyu ni nyama."